Dakika Hamsini za Mgawa Maji

Kashindye wa Ubaruku hajawahi kufika mahali kwa wakati, na mtu asikudanganye kwamba ni uvivu. Mvivu huchelewa kwa sababu hajatoka. Kashindye huchelewa kwa sababu hajamaliza.

Kazi yake ni kugawa maji. Mfereji unaotoka mtoni unapita kwenye mashamba ya mpunga ya watu mia na ushee, na yeye ndiye mwenye funguo za milango midogo ya chuma inayofunguliwa kwa zamu, leo kundi hili, kesho kundi lile. Wagawa maji wengine wakishafungua mlango huenda zao kunywa chai. Kashindye hutembea na maji. Anashuka nayo kando ya tuta, peku, suruali imekunjwa magotini, mpaka ayaone kwa macho yake yakiingia kwenye shamba la mwisho kabisa kule mkiani. Ukimuuliza saa ngapi, atakuambia maji yamefika wapi.

Pengine aliuanza ugonjwa huo utotoni. Alikuja Usangu akiwa na miaka kumi na miwili, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, kwa miguu kutoka Kwimba, miezi minne njiani. Ng'ombe wakitaka kula, mmefika. Wakitaka kulala, mmefika. Mtu aliyefunzwa safari na ng'ombe usimtegemee kwa saa ya ukutani. Alichelewa ubatizo wa wanawe wote watano. Siku ya harusi yake, mkewe Kulwa alisimama mbele ya altare akijipepea kwa kitabu cha nyimbo huku katekista akirudia matangazo ya Jumapili iliyopita kwa kukosa la kufanya. Kulwa alimsamehe. Ndiyo maana watu walidhani ulimwengu mzima ungemsamehe Kashindye.

Kisha akakutana na shangazi Violet wa Ilula.

Mambo yalianza na mtoto wake wa kwanza, Boniface, fundi simu pale Mbeya mjini. Boniface alimpenda Mercy, binti aliyekuwa akisomea uuguzi hukohuko Mbeya, na Mercy naye akampenda, jambo ambalo kwa sura ya Boniface tunamshukuru Mungu tu. Barua ya posa iliandikwa, ikapelekwa Ilula, ikapokelewa. Lakini kupokelewa kwa barua si kujibiwa. Mzazi wa kiume alitakiwa aende mwenyewe na mshenga wake, akae, aulizwe, ajibiwe. Mercy hakuwa na baba wala mama. Aliyemlea ni huyo shangazi, na shangazi ndiye aliyekuwa na jibu.

Sasa Violet amekaa na matenga ya nyanya kando ya barabara kuu kwa miaka ishirini na minane. Mabasi ya njia hiyo anayajua kwa mlio kabla hayajatokea kwenye kona. Miadi ya kwanza, Kashindye alifika amechelewa saa nne nzima, na mshenga akasema gari liliharibika Makambako. Violet akauliza gari gani. Akatajiwa. Akasema hilo lilipita hapa saa tano, dereva wake alinunua vitunguu, na hata salamu aliniachia. Miadi ya pili walifika jioni, wakakuta geti limefungwa, wakarudi kulala Iringa kama watu waliofukuzwa msibani.

Baada ya hapo likaja neno la mwisho, kwa simu ya Mercy mwenyewe. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nane kamili mchana, geti linafungwa. Likishafungwa halifunguliwi tena mpaka Jumapili watu wakienda kanisani, na barua yenu mtaikuta nje chini ya jiwe. Shangazi aliongeza swali moja, akaagiza lifike kama lilivyo: mtu asiyeweza kufika siku ya kuomba, siku akiitwa mtoto wetu anaumwa atafika lini?

Kashindye alilibeba swali hilo. Alilala nalo, akaamka nalo, akashuka nalo kwenye tuta. Boniface hakumlaumu baba yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kijana aliacha kupiga simu ile ya kila jioni.

Mshenga aliitwa Isakwisa, Mnyakyusa, fundi cherehani, jirani wa Boniface pale Mbeya. Mwili wake ulikuwa mkubwa na maneno yake makubwa kuuzidi. Huyu ndiye aliyeleta dawa. Alimpigia Kashindye akamwambia aache habari za mabasi. Barabara ile ina mizani, ina matuta, ina askari wenye tochi za kupima mwendo kila kijiji, na mwisho wake ina yule mama anayejua mabasi kuliko wenye mabasi. Yeye ametafuta kwenye simu umbali wa kutoka uwanja wa Songwe mpaka uwanja wa Nduli. Kilomita mia tatu na kidogo, mstari ulionyooka kama uzi wa cherehani. Kuna kindege cha kukodi kinapeleka wageni Iringa Jumamosi hiyo, kina viti viwili vitupu, na kinatumia dakika hamsini.

"Dakika hamsini," Kashindye alirudia.

"Hamsini. Unapanda hujala, unashuka hujasikia njaa."

Kwa mtu aliyetembea miezi minne, dakika hamsini zilikuwa kama habari ya peponi. Maji yenyewe, yakitoka kwenye banio, pale yanapochepushwa mtoni, hadi shamba la kati, hayafiki kwa dakika hamsini. Akakubali papo hapo. Viti vikalipiwa. Ubaruku nzima ikajua kufikia jioni, maana siri ya safari ya ndege hakuna aliyewahi kuiweza.

Aliyefikiri alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anachambua mchele uani. Kulwa alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akapepeta ungo mara mbili, akauliza Songwe iko wapi. Kashindye akasema iko Mbeya, ukipita Mbalizi. Kulwa akauliza tena Iringa iko upande gani. Kashindye akanyoosha mkono kwenda mashariki. Mkono ukabaki hewani.

"Kwa hiyo baba Boni," Kulwa alisema polepole, "mnakwenda magharibi kilomita mia na sitini, ili mrudi mashariki mia tatu, mpite juu ya bati letu hili, mimi nikiwa hapa nachambua mchele."

Ndivyo ilivyokuwa. Simu ilikuwa imepima uwanja kwa uwanja, na katika ukoo wa Kashindye hakuna aliyezaliwa uwanjani. Ubaruku iko karibu katikati ya safari. Kwa basi, kutoka njiapanda ya Igawa, angefika Iringa kwa saa nne au tano tu. Isakwisa aliyehesabu alikuwa anahesabu kutoka kwenye cherehani yake, na Kashindye aliyesikia alisikia hamsini, masikio yakaziba. Lakini nauli ilikwisha kulipwa, hairudi. Na tayari alikuwa amewaaga wanakamati wa mfereji kwa maneno ya mtu anayekwenda angani. Aibu ya kurudi kwenye basi ilikuwa nzito kuliko kilomita zote hizo.

Ijumaa asubuhi alimkabidhi funguo Masunga, mtoto wa ndugu yake, kijana mtaratibu ambaye kosa lake moja ni kuacha simu kwenye koti na koti kwenye mti. Alimwambia mara tatu kwamba Jumamosi ni zamu ya mkiani. Mvua zilikuwa zinasuasua mwaka huo na vitalu vya miche kule mkiani vilikuwa vimeanza kuwa njano. Wa mwisho kabisa alikuwa mama Dastan, mjane, na kwake maji yalikuwa yakifika kama mate ya mgonjwa. Watu wa mkiani walisema watu wa juu wanaiba. Watu wa juu waliapa hawaibi. Miaka minne ugomvi ni huohuo, na Kashindye, aliyetembea na maji kila zamu, alijua yanapungua katikati ya njia lakini hakujua yanakwenda wapi. Tuta halikuwa limebomoka popote. Zamu hii ikipita bila maji kufika, inayofuata ni baada ya siku tisa, na miche haina siku tisa.

Pale Igawa alisimama na mfuko wake wa mchele wa zawadi huku basi la Iringa likisimama mbele ya pua yake, tupu nusu. Kondakta akamwambia mzee panda, viti vyote vyako. Kashindye akasema anakwenda Iringa lakini kwa upande ule, akaonyesha Mbeya. Kondakta alimtazama kwa huruma ambayo watu huwapa wagonjwa wa malaria iliyopanda kichwani, akagonga bodi, basi likaondoka.

Alilala kwa Isakwisa, na alfajiri walikuwa Songwe. Uwanjani walipimwa kwenye mzani, wao na mizigo yao, kama magunia ya Ubaruku. Mzani ulipofika kwa Isakwisa ulifikiri kwanza. Ndege ni ndogo, wakaambiwa, kila kilo ina kiti chake. Mchele ukapunguzwa nusu, nusu ikabaki kwa dada wa usafi, aliyewashukuru mpaka wakajiona kana kwamba wametoa kwa makusudi.

Ndege ilipaswa kuruka saa tatu. Saa tatu wingu lilikuwa limelala juu ya uwanja kama mtu asiye na kazi. Saa nne lilikuwa bado limelala. Isakwisa alitembea huku na huku akihesabu kwa sauti: tukiruka saa nne, tukiruka saa nne na nusu. Kashindye alikaa ametulia. Ni wingu, alisema, wingu halikemewi. Lakini ndani ya mfuko mkono wake ulikuwa umeshika simu, na kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Boniface wa alfajiri ile, maneno matatu tu: Baba, nakutegemea leo.

Waliruka saa tano na robo.

Kwa kuwa Isakwisa alikuwa mzito na ndege inapenda mizani, yeye aliwekwa nyuma na Kashindye akawekwa mbele kabisa, jirani na rubani, kijana mwembamba aliyetafuna karanga. Mwanzoni Kashindye alishika magoti yake tu. Mlima Mbeya ukapita pembeni kama ng'ombe mkubwa aliyelala. Kisha ardhi ikateremka, ikatandazika, ikawa Usangu yote, kwa mara moja, bila kona.

Hakuwa amewahi kuiona. Alikuwa amekaa ndani yake miaka arobaini, kama mtu anayekaa ndani ya shati, lakini hakuwahi kuiona. Mito ilikuwa nyuzi. Mashamba yalikuwa viraka, vingine vya udongo, vingine vya maji yanayong'aa. Rubani akamwonyesha kwa kidevu, akasema chini pale ni Ubaruku. Dakika kumi na nane tangu waruke. Kashindye akatafuta mabati yake na hakuyapata, lakini mfereji aliupata. Ulikuwa mstari mmoja mwembamba, na yeye aliujua kama mshipa wa mkono wake.

Akaufuata kwa macho kutoka kwenye banio, kama anavyoufuata kila zamu kwa miguu. Mlango wa kwanza. Mlango wa pili. Kona ya kisiki cha mkuyu. Hapo akaona kitu.

Nyuma ya kona hiyo, hatua kama mia mbili kutoka kwenye tuta, ng'ambo ya kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi hawakiingii, palikuwa na kiraka kibichi. Nchi nzima ya upande ule ilikuwa kahawia, imekaushwa na jua la Novemba, na katikati yake pana kijani cha matete, kipana kama uwanja wa mpira, hakina shamba, hakina mwenyewe. Kashindye aliegemea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Akakifuta kwa kiganja. Kiraka kilikuwa palepale. Na kuanzia hapo kwenda mkiani, mfereji ulikuwa umekonda.

Mkuyu ule ulikatwa mwaka ule wa ugomvi wa kwanza. Mizizi yake ilikuwa imepita chini ya tuta. Mzizi ukioza, unaacha bomba. Hakuna mtu wa juu aliyeiba maji ya mtu. Maji yalikuwa yanazama chini ya miguu ya Kashindye mwenyewe kila alipopita pale, yakienda kunywesha matete.

Alimwomba rubani ashuke. Rubani alicheka, akampa karanga.

Walitua Nduli saa sita na dakika tano. Isakwisa alisujudu kidogo, kwa kiasi mwili ulivyomruhusu, akatangaza kwamba dakika hamsini ni hamsini kweli. Kashindye alikuwa ameshatoa simu. Simu ya Masunga iliita, ikaita, ikakata. Koti lilikuwa kwenye mti. Akapiga tena huku wakiingia kwenye teksi, akapiga wakipita mjini, akapiga wakishika njia ya Ilula. Dereva wa teksi, Saulo, alisema kwa mwendo ule watafika Ilula saa saba na nusu, dakika thelathini kabla ya muda. Isakwisa alianza kupiga mluzi.

Walikuwa wamekipanda kilima cha mwisho kabla ya Ilula simu ilipoita. Masunga. Kashindye alisema sikiliza, kisiki cha mkuyu, nyuma ya miiba, na hapo gari likaanza kuteremka, sauti ikakatika vipandevipande, ikafa. Akatazama simu. Mtandao ulikuwa umebaki juu kilimani.

"Rudisha gari," alimwambia Saulo.

Isakwisa alifikiri hakusikia vizuri. Alipohakikisha amesikia, alisema mambo mengi. Alisema juu ya Boniface, juu ya barua, juu ya jiwe. Alisema maji yamekuwepo tangu Nuhu na yatakuwepo kesho. Kashindye alimwacha amalize, na hakupandisha sauti.

"Mshenga, nikiingia kwa yule mama sasa, nitakaa kwenye kiti chake lakini mimi nitakuwa mkiani. Ataona. Zamu inafungwa jioni. Rudisha gari, mwanangu."

Saulo akarudisha gari.

Kilimani Kashindye alisimama kwenye jiwe moja, mkono mmoja sikioni, mwingine ukielekeza hewani kana kwamba Masunga anamwona. Ingia kwenye miiba. Chukua panga. Usifuate tuta, fuata ubaridi wa ardhi. Masunga akakata simu aende, akarudi kupiga baada ya dakika kumi na tano akihema, amekwaruzwa, amekanyaga matope mahali ambapo hapajanyesha. Akaambiwa sasa arudi kwenye kisiki, azame mferejini upande wa ndani, atafute kwa mguu. Dakika zikapita. Magari ya mizigo yakapita. Isakwisa aliketi kwenye ukingo wa barabara ameshika kichwa. Simu ikaita tena, na Masunga alikuwa anacheka kama mtu aliyeokota ng'ombe: mguu umezama mpaka pajani, watu wa mkiani waliokuwa wakisubiri zamu wanashangilia, mama Dastan mwenyewe analeta magunia ya mchanga. Kashindye akaeleza namna ya kuyapanga, moja baada ya jingine, na hakukata mpaka alipoambiwa la mwisho limekaa.

Walifika Ilula saa nane na dakika ishirini na tano. Geti la bati la shangazi Violet lilikuwa limefungwa. Chini, kwenye kona, palikuwa na jiwe, na chini ya jiwe ile bahasha.

Isakwisa alibisha hodi hata hivyo. Akapiga kamwene, salamu ya Kihehe aliyoikariri njiani. Sauti ya ndani ikaitika kamwene kwa adabu zote, geti lisitikisike. Mshenga akaanza: ukungu wa Songwe, mama, ukungu ambao haujapata kuonekana.

"Ukungu nimesikia," Violet alijibu kutoka ndani. "Ndege yenu ilitua saa sita na dakika tano. Mjukuu wangu anauza vocha pale Nduli. Kutoka pale mpaka hapa ni saa moja na nusu, hata dereva awe mwoga. Hizo dakika hamsini nyingine mlikuwa wapi?"

Mshenga akafungua kinywa atoe tairi lililopasuka. Kashindye akamshika bega.

"Mama, mimi ndiye nilisimama njiani," alisema. "Mshenga hana kosa. Nilikuwa nafunga maji."

Akaeleza, akiliambia bati. Kiraka, mzizi, miaka minne ya watu kuitana wezi. Alisema alijua saa inakwenda. Alisema hakuja kuomba geti lifunguliwe, maana neno ni neno, ila swali lile aliloagizwa alikuwa hajalijibu, na angependa alijibu kabla hajaondoka. Siku akiitwa kwamba mtoto anaumwa, atakuja. Hajui saa. Lakini akishaanza haachi mpaka kufika kwa wa mwisho. Ndivyo alivyo, na kijana wake ndivyo alivyomlea, na kama hiyo haitoshi ataichukua barua.

Mahali fulani kuku akalalamika.

"Wa mwisho wenu ni nani?" Violet aliuliza.

"Mjane mmoja. Mama Dastan."

"Leo amepata?"

"Yalikuwa yanaelekea. Nimeyaacha yakiwa kwenye mlango wa tano."

Kisha wakasikia viti vikiburutwa, lakini si kuja getini. Vilikuwa vinakwenda pembeni, kule ukuta wa ua ulipokutana na kibanda cha nyanya. Kibanda kilikuwa na mlango wa nyuma wa kutokea uani. Ukafunguliwa, akatoka mwanamke mfupi, mnene, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni, kiti kimoja kila mkono.

"Geti nimelifunga, na halifunguliwi," alisema. "Kibanda sikufunga. Leo Jumamosi, watu wananunua. Kaeni hapa."

Wakakaa katikati ya matenga. Violet alimtazama Kashindye kuanzia miguuni, na miguuni alikaa sana, kwenye zile nyufa za visigino ambazo viatu vya kuazima havikuweza kuzificha. Akasema yeye ana robo eka ya nyanya, iko mwisho wa mfereji wao. Na mgawa maji wa kwao ni mtu wa watu, anapendwa sana.

"Wa kwetu hajawahi kuchelewa harusi hata moja. Anafika kabla ya bibi harusi. Nyanya zangu ndizo zinazochelewa."

Isakwisa alicheka kwanza, kisha akatazama kama inaruhusiwa. Ilikuwa inaruhusiwa.

Posa ya Boniface ikazungumzwa pale, kando ya barabara kuu, juu ya makelele ya malori ya Zambia. Hakuna aliyewahi kuona posa ya namna ile. Violet aliuliza kuhusu ukoo, basi likasimama, akauza ndoo mbili, akarudi kwenye ukoo. Aliuliza kama Mercy ataachwa amalize masomo, na Kashindye akasema atamaliza, na akimaliza Ubaruku ina wagonjwa wa kutosha. Aliuliza kama huyo Boniface anakunywa. Mshenga akaanza hotuba, akaambiwa anyamaze, ajibu baba. Baba akasema alimwona amelewa mara moja, akiwa kidato cha tatu, na hajamwona tena, lakini yeye si wa kumtegemea kuona mambo mapema. Jibu hilo lilimfurahisha Violet kuliko yote.

Mercy alitoka na chai ya maziwa kwenye chupa, macho chini, akapiga goti kwa mkwe wake mtarajiwa, akarudi ndani haraka. Nyuma ya mlango wakamsikia akiongea na simu kwa kunong'ona, na aliyekuwa upande wa pili wa simu akapiga kelele moja ambayo hata malori hayakuifunika.

Violet aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye geti, akaliinua jiwe, akaichukua bahasha. Akaipangusa vumbi kwenye kitenge. Aliisoma upya pale amesimama, kila mstari, midomo ikicheza, kisha akaitia kifuani na kusema jibu litaandikwa Jumapili baada ya ibada, kwa sababu yeye haandiki mambo ya maana akiwa na mikono ya nyanya. Ila waanze kufikiri mwezi. Mwezi wenyewe usiwe wa kupandikiza mpunga, asije akaambiwa siku ya ndoa kwamba maji bado yako mlango wa tano.

Basi jingine likaegesha mbele yao. Abiria mmoja akatoa kichwa na noti dirishani, macho yake yakamwangukia Kashindye aliyekuwa karibu na matenga kuliko wote.

"Mzee, nyanya zako hizo kiasi gani?"

Kashindye aligeuka kumtazama Violet.

"Za wakwe zake," Violet alimjibu abiria, tayari akijaza ndoo. "Lakini hela mpe yeye, atanifikishia."